Mbwa Asiyeshikwa Naye Ana Mwenyewe

Nianze na ugomvi, maana nimestaafu na sina tena mkubwa wa kuniandikia barua ya onyo. Ninyi vijana mnaotoka vyuoni na makoti meupe, mkapangiwa Kibaha na Kisarawe, kuna neno moja mnalitumia kama chumvi: mzururaji. Mbwa akipita peke yake, mzururaji. Mbwa amelala chini ya meza ya mama anayekaanga samaki, mzururaji. Juzi hapa Kibaha, mtaani Picha ya Ndege, jirani na kwangu, nimemsikia daktari mmoja akimwambia fundi viatu kwamba paka wake hatibiwi kwa sababu hana kadi ya usajili, na paka asiye na kadi hana mwenyewe. Fundi amekuja kwa miguu, paka kamfunga kwenye shati lake la kubadilisha, jicho linatoa usaha. Kabebwa kifuani mwa mtu, halafu ati hana mwenyewe. Nusura nimvue mtu koti.

Paka yule nilimshughulikia mimi, kwenye kibaraza changu. Maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yakaachwa yapoe, pamba safi, unafuta kutoka ndani ya jicho kwenda nje, halafu mafuta ya macho. Nikamwonyesha fundi namna ya kumviringisha paka kwenye kanga mpaka kinabaki kichwa tu, maana paka mwenye miguu huru hatibiki, atakuchora mikono yote. Ilichukua muda mfupi kuliko ule daktari aliotumia kueleza kwa nini haiwezekani.

Mtasema bibi huyu ana hasira. Ninazo, na nitawaambia zilikoanzia, kwa sababu wa kwanza kuandika uongo huo hakuwa yule kijana wa juzi. Nilikuwa mimi.

Mimi ni Mbena wa Njombe. Kwetu mbwa analala jikoni kwenye jivu, watoto wanamkalia, na ukimuuliza mtu mbwa huyu wa nani, anamkamata sikio anakwambia wangu. Nikaletwa Kisarawe nikiwa msichana mwembamba na cheti kibichi, nikapewa baiskeli, deli la kubebea chanjo, na kata zenye vijiji vilivyoachana kama meno ya mzee. Watu waliniita Bwana Mifugo. Walipoona haikai sawa kwa mwanamke, wakaniita Mama Bwana Mifugo, na marehemu mume wangu aliishi na jina hilo mpaka akalizoea.

Ujinga nilikuwa nao, wala sifichi. Safari yangu ya kwanza kwenda Msimbu nilitia samaki wangu wa mchana ndani ya deli, pamoja na chanjo na barafu, nikijiona mjanja kwamba hatachacha. Nusu ya njia nikageuka nyuma, naona mbwa sita wananifuata kwa adabu, pua juu. Kila niliposimama kutafuna kipande, nafungua deli, baridi inatoka. Nilipofika, mbwa walikuwa wamejikusanya wenyewe bila tangazo la mwenyekiti, lakini barafu ilikuwa imekwisha na chanjo ilikuwa vuguvugu. Ilibidi nimwage yote nirudi. Kwa hiyo shikeni hili: deli la chanjo halifunguliwi hovyo, na samaki wako kamfunge kwenye kanga yako mwenyewe.

Hilo lilikuwa kosa la kuchekesha. Sasa nawapeni lisilochekesha.

Wakati ule ofisini kwetu tulikuwa na utaratibu mmoja tu wa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo ni bure. Mwenye mbwa amlete, amshike kwa mikono yake, mimi nichome, niandike jina la mwenyewe na la mbwa kwenye rejesta, mbwa afungwe utepe shingoni. Mbwa asiyeshikwa na mtu hachomwi, anaandikwa safu ya mwisho: mzururaji. Sikuona kasoro yoyote hapo. Kwetu Njombe usipomshika mbwa wako nani amshike?

Tukaenda kijiji kimoja kata ya Mzenga, jina lake naliacha. Wazaramo, Waislamu wa tangu na tangu, wakulima wa mihogo na mananasi. Nikaweka meza karibu na ghala la korosho. Watu wakaja wengi, mbwa wakaja wengi, lakini hawakuja pamoja. Watu wamesimama upande huu, mbwa wamekaa kule, na katikati uwazi kama wa barabara. Nikaita, shikeni mbwa wenu. Wakatazamana. Wawili watatu vijana wakajikaza wakashika kwa kamba. Wengine hakuna.

Ndipo akaja Bi Mwanahawa. Mjane, mrefu, kavaa kaniki, na nyuma yake kwa hatua kama kumi anakuja mbwa mwekundu mwenye sikio lililochanika. Bi Mwanahawa akisimama, mbwa anasimama. Akakaa kwenye gogo, mbwa akakaa. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, akaniambia amemleta mbwa wake, anaitwa Mtasema. Jina la kuwapiga vijembe majirani waliomsengenya kwa kuishi peke yake shambani.

Nikamwambia amshike.

"Mwanangu, nina udhu, na adhuhuri ndiyo hii inaingia," akasema. "Na hata bila udhu mimi mbwa simshiki, mate yake najisi. Lakini mbwa wangu."

Mimi nikamwona mwanamke mwenye visingizio. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimeshakata shauri kwamba watu wa pwani hawapendi wanyama. Sikujua kwamba dini yake inamruhusu kabisa kufuga mbwa wa kulinda shamba. Sikujua kwamba kila jioni anamwekea ugali uliopondwa na maji ya dagaa kwenye kigae chake maalumu, anakisukuma kwa fimbo. Sikujua kwamba bila mbwa yule asingevuna hata muhogo mmoja, maana shamba lake lilikuwa mpakani na msitu, na nguruwe wa kule wanachimbua tuta zima kwa usiku mmoja. Sikujua kwa sababu sikuuliza. Nikashika kalamu, nikaandika: mwekundu, dume, mzururaji. Na waliobaki vilevile, mstari baada ya mstari, nikafunga rejesta nikaenda kula.

Miezi ikapita. Kijiji cha jirani akatokea mbwa mwenye kichaa, akamng'ata mtoto, na mtoto yule akafa. Ugonjwa ule ninyi mmeusoma kwenye vitabu. Mimi nimemwona mtoto anaogopa kikombe cha maji, na sitawaelezea. Watu waliingiwa na hofu, na hofu ile siilaumu. Ninacholaumu ni kilichofuata. Likatolewa agizo mbwa wazururaji wamalizwe, na wakaja watu wawili kwa pikipiki, wana ndoo ya nyama yenye sumu na nakala ya orodha yangu. Waliokuwa wameandikwa kuwa na mbwa walipelekewa taarifa siku moja kabla: wafungieni ndani. Wengine hawakuambiwa. Utamwambia nani, na karatasi inasema mbwa hana mwenyewe?

Hebu oneni uovu wa kitu hicho, tena uovu wenye adabu, wenye safu na mistari. Mbwa ambao sikuwachanja ndio hao hao waliouawa kwa sababu hawakuchanjwa.

Nilifika siku iliyofuata. Bi Mwanahawa alikuwa amemvuta Mtasema kwa jembe, bila kumgusa, akamlaza kwenye majani ya mgomba, akamfukia pembeni ya shamba. Aliponiona aliweka jembe chini, akanifuata mpaka kwenye baiskeli. Hakupaza sauti.

"Nilikwambia wangu," akasema. "Wewe uliandika nini?"

Vijana, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na mdomo ukanisaliti. Nikamwambia niliandika vizuri, ila wakubwa huko juu ndio walioharibu. Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa yanalinda uongo. Yeye akanipa pole. Mtu kafiwa na mlinzi wake, ananipa pole mimi niliyemuua. Nimezeeka na aibu hiyo, na hata sasa nikiikumbuka naona uso unawaka.

Msimu ule nguruwe waliingia. Bi Mwanahawa alikesha kwenye dungu akipiga debe, mwanamke wa umri ule, mpaka kifua kikambana. Mihogo ikaisha kabla haijakomaa. Binti yake akaja kumchukua, akamleta huku Kibaha, akawa anakaa chumba cha uani anauza maandazi ambayo hakuwahi kuyapenda. Shamba likarudi pori. Nilipita mbali na mtaa ule kila nilipoweza, nikijidanganya kwamba nina haraka.

Aliyenifundisha kazi baada ya hapo ni mzee mmoja wa Mzenga, Mzee Kibwana, kiongozi wao wa kusaka nguruwe kwa nyavu na mbwa. Nilimfuata nikamwomba anieleze, naye akanitolea uvivu. Akaniuliza kama niliwahi kumwona mchungaji akishika kila ng'ombe mkono ndipo wajulikane ni wake. Kisha akaniambia, Mama Bwana Mifugo, mbwa wa huku anajulikana kwa sauti. Wasimamishe watu kwa kuachana, mmoja mmoja aite. Mbwa atakwenda kwa mwenyewe hata ungemwekea mfupa kwingine.

Nikajaribu. Jamani, siku ile tulicheka. Kuna mzee aliyejifanya hana mbwa kwa kuogopa maswali, lakini alipokohoa tu, mbwa watatu wakaenda kukaa miguuni pake. Kuna mwingine aliyedai mbwa mzuri wa jirani, akaita mpaka sauti ikakauka, mbwa anajikuna tu. Hakuna rejesta iliyowahi kuniambia ukweli namna ile.

Na namna ya kumchanja mbwa asiyewahi kushikwa, Mzee Kibwana alinifundisha hivi, andikeni. Usimkimbize. Mwenyewe asimame mbele anaongea naye, maneno yoyote, hata ya kumsema vibaya jirani, muhimu sauti isikatike. Chungu chenye chakula chenye harufu, mdomo wake mwembamba, mbwa aingize kichwa. Wewe unatokea ubavuni, siyo nyuma, sindano umeificha kiganjani, unachoma juu ya paja kwa mkupuo mmoja na unaondoka bila kumwangalia usoni. Asipokula, tumia mti wenye kitanzi cha kamba laini, anashika mtu asiyeona vibaya kushika. Mara nyingi huyo alikuwa mimi. Nikimaliza nilinawa mikono mbele yao, nisiwape mkono mpaka nimenawa, maana dini ya mtu si jambo la kufanyia mzaha. Wanyama wengine waliletwa wamepakwa oili chafu ya magari kutibu ukurutu, ngozi imeungua. Sikugomba, nilionyesha dawa na kueleza, kwa sababu anayempaka mbwa wake oili ni mtu anayetaka mbwa wake apone. Mnaogomba, mnawafukuza.

Sasa nakuja kwenu, na hapa ndipo hasira inaponipanda hasa.

Mwaka huu mlinialika. Siku ya chanjo Mzenga, mkasema mama, njoo utusaidie, wewe mwenyeji. Nikaenda na kofia yangu. Daktari aliyeongoza anaitwa Neema, binti mpole, mwenye mikono mizuri ya kazi, namsema kwa mema. Hakuna rejesta siku hizi, kuna simu. Unachanja, unapiga picha, simu inajaza. Nikafurahi. Halafu nikaona watu wamesimama upande huu, mbwa wamekaa kule, na uwazi katikati.

"Mama, mfumo haukubali mpaka picha ya mmiliki akiwa amemshika mnyama," Neema akaniambia. "Usipoweka, unampeleka kwenye wazururaji."

Nilimwomba arudie, akarudia. Miaka yote ile, rejesta zimeoza, mimi nimepata mvi, na kosa langu limenunuliwa simu mpya. Nikamweleza habari ya sauti. Akanielewa, akabonyeza, akabonyeza tena, simu ikagoma. Haina mahali pa sauti.

Basi nikajitia mjanja. Nikamwambia, picha inataka mkono, si inataka mkono tu? Nitashika mimi. Nikatoa chungu na kitanzi, wenye mbwa wakawa wanaongea nao, mimi nashika, Neema anachoma, msaidizi wake anapiga picha, simu inakubali. Mpaka saa tano nilikuwa tajiri wa mbwa kuliko mtu yeyote wilayani. Watu wakanitania, wakaniuliza nitawalisha nini. Nilijisikia nimeushinda mfumo, na ninakiri kwenu kwamba nilijisifu.

Ndipo akafika mwanamke kijana, kajitanda mtandio, na nyuma yake kwa hatua kumi mbwa mwekundu. Akanipa shikamoo, akasema yeye ni Zuhura, mjukuu wa Bi Mwanahawa, amelirudia shamba la bibi yake, ana matuta ya mihogo na mtoto mmoja, na mbwa wake anaitwa Mtasema. Bibi ndiye aliyemwambia ampe jina hilo, kabla hajafariki.

Nikamshika Mtasema, akachomwa, picha ikapigwa. Zuhura akanikaribia.

"Bibi alikuwa anakusema vizuri sana," akasema. "Anasema ulilia naye, na wakubwa zako ndio waliomuua mbwa wake."

Ningeweza kunyamaza. Marehemu amekwenda na maneno mazuri juu yangu, nani angejua? Lakini mkono wangu ulikuwa bado juu ya shingo ya mbwa yule, na nikaona nafanya tena kilekile. Nikamwambia, Zuhura, hakuna mkubwa aliyeandika. Nilimwandika mzururaji mimi, kwa kalamu yangu, bibi yako akiwa mbele yangu ananiambia ni wake. Halafu nikamdanganya.

Hakunitukana. Alimgeukia Neema, akamuuliza kwenye simu hapo wameandika mbwa huyu ni wa nani. Neema akatazama simu, akanitazama mimi, akasema wa mama.

"Basi futeni," Zuhura akasema. "Bibi hakuandikwa. Mimi niandikeni."

Tulijaribu. Tulipiga picha Zuhura kasimama, mbwa kakaa kwa hatua zake kumi, wote wawili wanaonekana vizuri. Simu ikakataa. Tukapiga tena, ikakataa. Mwisho Neema, Mungu ambariki, aliomba daftari la shule dukani, akaandika kwa mkono: mwenye mbwa Zuhura, mbwa Mtasema, anaitika kwa sauti ya mwenyewe. Nikamwambia tuwarudie na wale wa asubuhi. Wengine walikuwa wamekwisha kwenda makwao, tukawafuata kwa pikipiki nyumba kwa nyumba mpaka wa mwisho, kila mtu anaita mbwa wake na sisi tunaandika. Lile daftari liko kwa Neema. Nendeni mkalione, mjifunze kitu ambacho hamkufundishwa.

Lakini daftari si mfumo, ndivyo ninavyoambiwa. Kwenye simu zenu mbwa wale bado ni wangu. Likitolewa agizo kesho, taarifa ya kuwafungia ndani itakuja kwangu Picha ya Ndege, na Zuhura kule Mzenga hataambiwa neno. Nimekwenda ofisini mara tatu kusema nifuteni, mimi sina mbwa, andikeni wenyewe. Mara tatu kijana wa mezani ananifungulia picha, anakuza kwa vidole viwili, ananionyesha kwa upole kama anaongea na mtu aliyepungukiwa akili. Mama, anasema, huu si mkono wako?

Ni wangu. Hata ule ulioandika mara ya kwanza ulikuwa wangu.